Jenerali Ambaye Hajawahi Kuanguka

Mambo haya yalitokea zamani sana na mbali sana. Ndivyo nilivyoelekezwa kusema, nami ni mtu wa kufuata maelekezo. Ukiona nchi yetu inafanana na nchi unayoijua wewe, usinilaumu mimi; kailaumu hiyo unayoijua.

Tulikuwa na jeshi la anga. Jeshi lenyewe lilikuwa na ndege tano, marubani tisa, mafundi kumi na wawili na majenerali kumi na wanne. Mimi nilikuwa mmoja wa wale kumi na wawili: Sajenti Ndekeja, fundi wa injini na mtunza daftari. Daftari letu lilikuwa la jalada jekundu, na sheria yake ilikuwa ya kale kuliko sisi sote. Ndege hairuki mpaka fundi aandike ina hali gani na kutia saini. Ikirudi, anaandika imerudi. Jambo lisiloandikwa humo halikutokea. Lishike hilo, kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa nilipo.

Juu ya wote alikaa Jenerali Zefania Lukwale. Nitaeleza alivyopanda, ili vijana wapate mfano wa kuiga.

*

Alianza kazi akiwa mshika mwavuli. Siku moja Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alikuwa anarejea kutoka ziara ya ng'ambo, ndege yake ikachelewa saa sita, na mvua ikanyesha saa sita. Mawaziri walikimbilia chini ya paa. Zefania alibaki peke yake katikati ya kiwanja, kaufungua mwavuli, kaushikilia mahali ambapo kichwa cha Mheshimiwa kingekuja kuwa. Mheshimiwa aliposhuka alikuta sehemu moja tu kavu katika nchi nzima. Akauliza huyu ni nani. Akasema mtu aliyesimama kiwanja cha ndege saa sita bila kutikisika ana uzoefu wa anga, asipotezwe. Kabla jua halijazama Zefania alikuwa Meja.

Hatukucheka. Kuku naye ana mabawa, na hakuna taifa lililowahi kumkabidhi anga lake. Sisi tulithubutu.

Alipandishwa ndege mara moja tu, wiki ile ya kwanza, aonjeshwe. Namba Mbili haikufika juu ya urefu wa minazi mitatu kabla Meja hajaanza kumwita mama yake, na baada ya mama yake, shangazi zake wote kwa majina. Tulimteremsha. Aliipigia magoti lami, akaibusu, akajifuta midomo, kisha akatoa kauli ambayo leo imechongwa langoni mwa kambi kwa herufi za shaba: "Ndege isiyoruka haianguki."

Tulidhani ni woga. Kumbe ilikuwa sera.

Kila mwisho wa mwaka majina yalisomwa, nani kaharibu nini. Waliokuwa wakiruka walikuwa na mambo, kwa sababu anayeruka hakosi jambo. Kapteni mmoja alipasua tairi, akashushwa cheo. Mwingine aligongana na mwewe, akastaafishwa kwa kuharibu mali ya umma, na mwewe akahesabiwa humo. Meja Lukwale hakuwa hata na mkwaruzo. Mwaka wa kwanza hana ajali, wakampa Kanali. Mwaka wa tatu hana ajali, Brigedia. Mwaka wa saba alivishwa mabawa ya dhahabu ya urubani kwa kutimiza saa elfu sitini bila kuanguka, zikiwemo alizolala. Nchi jirani zilituma wajumbe kujifunza siri yake. Aliwapeleka kwenye banda, akawaonyesha ndege tano zimepangwa mstari, tairi zimeegemezwa mawe. "Mnaona?" aliwaambia. "Hata moja haijaanguka."

Sasa ndege isiyoruka lazima ifanyiwe kitu, la sivyo mkaguzi atauliza. Tukawa tunazipaka rangi. Cheo kipya, rangi mpya. Sikukuu, rangi. Tuliomba plagi, tukaletewa ndoo za rangi. Tuliomba mipira ya breki, tukaletewa ndoo za rangi na brashi. Mpaka mwaka ninaousimulia, Namba Nne, ndege yetu ya mizigo, ilikuwa na rangi mapigo ishirini na matatu, imenenepa kama bwana harusi wa mwaka wa pili.

*

Mwaka huo Bonde la Mgandi lilijaa maji. Redio ilisema watu wamekaa juu ya miti, na wengine sitini wako juu ya paa la shule, na maji yanapanda.

Kapteni Sikudhani Mwenda alikuja karakana akiwa anakimbia. Huyu ndiye aliyekuwa rubani wetu bora, na nasema hivyo bila kuogopa wanane waliobaki, maana hata wao walisema. Alikuwa mwembamba, mchache wa maneno, na kila safari kabla ya kupanda alizunguka ndege nzima akiipapasa kwa kiganja, kama mkulima anayepima ng'ombe mnadani.

"Fundi, Namba Nne inaweza?"

"Nikipewa saa mbili, inaweza. Tutadondosha maboya na chakula."

Tukaenda pamoja kwa Jenerali, mimi nimebeba daftari. Tulimkuta anajaribu kofia.

"Haiwezekani," alisema. "Rangi haijakauka."

"Afande, kuna watu juu ya paa la shule," alisema Sikudhani.

"Mvua ikiipata rangi mbichi inaacha madoadoa. Wewe unataka nipokee wageni na ndege yenye madoadoa?" Akaigeuza kofia, akaitazama ndani. "Halafu hao watu wamepanda juu kwa idhini ya nani? Juu ya paa ni anga. Anga liko chini yangu. Mimi sijatoa kibali kwa mtu yeyote."

"Wana watoto, Afande."

"Watoto ndio kabisa hawana kibali."

Rangi ilikauka siku ya tatu. Kufikia hapo ndege haikuhitajika tena. Walizika watu arobaini na mmoja, na wengine maji yaliwazika yenyewe. Mwezi uliofuata Jenerali alipewa nishani, kwa kuwa katika mafuriko yote yale jeshi lake halikupoteza ndege hata moja. Ilisomwa hivyo hivyo, kwenye kipaza sauti, na watu wazima wenye akili zao wakapiga makofi.

Sikudhani hakupiga. Aliandika taarifa ya ukurasa mmoja, akaeleza siku, saa, maneno yaliyosemwa na idadi ya waliokufa. Akaipeleka mwenyewe kwa mkono.

*

Jibu lilichukua miezi miwili. Ilikuwa imetangazwa kwamba kwenye Sherehe ya Taifa Jenerali Lukwale atafanywa Marshali. Katika maandalizi, Mheshimiwa Mlezi aliuliza swali dogo tu, bila nia mbaya: "Hivi hizi ndege zangu huwa zinaruka?"

Kwa siku mbili Jenerali hakula. Siku ya tatu aliamuru ndege moja iruke, mara moja tu, ipite juu ya jukwaa na kurudi. Aliichagua Namba Nne. Rubani alimchagua Sikudhani. Hata asiyejua kusoma angeweza kulisoma jibu lile: ndege ikirudi, Marshali amerusha ndege, isiporudi, na ule ukurasa mmoja hautarudi.

"Kataa," nilimwambia.

"Nikikataa watampa Luteni mtoto wa juzi, hata hajaizoea. Wewe nitengenezee injini, Fundi."

Nilimtengenezea injini. Nililala chini yake wiki tatu. Ile injini ilikuwa nzima, nitaapa mbele ya Mungu na mbele ya mahakama, na mbele ya mahakama nimeshaapa.

Asubuhi ya Sherehe kulikuwa na ukungu juu ya Mlima Kidago, ambao uko nyuma tu ya kiwanja. Sikudhani alizunguka ndege akiipapasa. Ubavuni mkono wake ukasimama.

"Fundi, wamekipaka."

Ubavuni mwa ndege kuna kitundu, hakizidi punje ya mtama. Hewa huingia hapo na kuiambia saa ya kimo ndege iko juu kiasi gani. Kikizibwa, saa inalala pale pale. Rubani anaweza kuwa juu ya mawingu au ana jiwe mbele ya pua, na saa inamwambia bado yuko chini kiwanjani. Wakati wa kupaka pigo la ishirini na nne, mtu alikuwa amekifunika vizuri kabisa.

Sikudhani alichomoa kibanio chini ya kofia yake, akakwangua mpaka chuma kikaonekana, duara la upana wa sarafu, na katikati yake kitundu kimefunguka. Akapuliza vumbi. Mimi nikafungua daftari nikaandika: Namba Nne, nzima. Nikatia saini. Wakati natia saini lilikuwa neno la kweli.

Sikudhani alipokwenda kuvaa, Jenerali alifika na wageni wake wakiwa na glasi mkononi. Alipita kandokando ya ndege akiitazama sura yake ndani ya rangi. Kwenye lile duara sura yake ikakatika.

"Ndege yangu ina ndui?" aliuliza. "Mpaka rangi yuko wapi?"

Nikasimama mbele ya kile kitundu. "Afande, hapo ndipo ndege inapopumulia."

"Ndege ni chuma, Sajenti. Chuma hakipumui."

"Kinamjulisha rubani yuko juu kiasi gani."

Wageni walicheka kidogo, Jenerali akapata nguvu. "Rubani akitaka kujua yuko juu kiasi gani ataniuliza mimi, mkuu wake. Sogea."

Nikasogea.

Nimeliandika neno hilo peke yake kwa sababu hapo ndipo ninaporudi kila siku. Sikupigwa, sikutishiwa bastola. Niliambiwa sogea na mtu aliyevaa mabawa ambayo hakuwahi kuyatumia, nami mwenye miaka ishirini na mbili ya kazi nikasogea hatua mbili kushoto, nikampisha mtu mwenye brashi. Ilimchukua pumzi tatu.

Nikaamua nimuwahi Sikudhani. Lakini amri nyingine ilitoka: mafundi wote warudi nyuma ya turubai, ovaroli zao zinaharibu mandhari. Askari wakatusukuma. Yeye alikuwa amepanda upande wa pili, injini imeshawaka, yangu, inanguruma vizuri. Nilipunga mikono yote miwili juu ya turubai, nikapiga kelele. Aliniona. Alidhani namuaga, akanipungia.

*

Nyuma ya turubai tulikuwa na redio ya karakana. Ile husikia tu, haisemi.

Ndege iliruka saa nne na dakika kumi, ikapita juu ya jukwaa, watu wakashangilia. Jenerali akapanda jukwaani kusoma hotuba. Dakika ya tatu tukasikia sauti ya Sikudhani, imetulia.

"Mnara, hapa Namba Nne. Saa ya kimo imelala. Ukungu unashuka. Naomba kutua."

Mnarani alikuwa Luteni Mkamba, kijana mwema. "Namba Nne, subiri. Kuna amri pasiwe na mngurumo wakati wa hotuba."

"Hotuba ina kurasa ngapi?"

"Arobaini. Yuko ya pili."

"Mkamba, sioni mlima."

"Najua, dada. Nimemtuma tarishi akaombe kibali."

Tarishi alikwenda kweli. Lakini kati ya ngazi ya mnara na jukwaa walikuwa wamekaa majenerali kumi na watatu, na kanuni zetu hazimruhusu mtu wa cheo cha chini kumpita jenerali bila kusimama, kupiga saluti, kueleza shida yake na kungoja kuitikiwa. Kila mmoja alimsikiliza kwa makini. Kila mmoja alimwambia suala hilo liko juu ya uwezo wake, aende kwa anayefuata. Alipofika kwa wa tisa, Jenerali alikuwa ukurasa wa kumi na saba, akieleza mapenzi yake kwa mawingu.

Sikudhani aliongea mara moja tena.

"Mkamba, muulize Fundi. Kile kitundu si tulikifungua?"

Nilikuwa na redio mkononi. Nilisema ndani yake, "Wamekiziba, mwanangu, panda juu, panda juu." Niliisemea redio isiyosema. Wenzangu walinishika.

Kisha mlio, upande wa Kidago. Jukwaani Jenerali akatazama karatasi yake aone kama mlio huo umeandikwa humo. Mtangazaji akawahi: "Mzinga wa heshima kwa Marshali wetu. Makofi tafadhali." Na nyuma ya turubai nikayasikia hayo makofi, marefu, kama mvua juu ya bati.

*

Marshali alikuja karakana mchana ule ule, nyota mpya begani, akaweka daftari mbele yangu.

"Andika kwamba Namba Nne haikuruka."

"Afande, imeruka. Umati mzima umeiona."

"Umati hauna daftari." Akavuta kiti, akakaa, akaongea kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. "Ikiwa imeruka, imeanguka. Ikiwa imeanguka, ndege yangu imeanguka. Mimi nina saa laki moja bila kuanguka, Sajenti. Unataka nchi ibaki na nini?"

Akanipeleka bandani. Maseremala walikuwa wameshaunda Namba Nne nyingine ya mbao na mabati, wameipanga kwenye mstari, tairi zimeegemezwa mawe. Niseme kweli, ilikuwa nzuri kuliko ile ya awali.

"Usiiguse," alisema. "Rangi haijakauka. Nakupa mpaka Ijumaa."

Alhamisi akaja mama yake Sikudhani. Bi Zawena alikuwa mwanamke mfupi, kajifunga kanga mbili, na mkononi alikuwa na barua ya makao makuu. Langoni walimruhusu aonane nami kwa kuwa alisema ni ndugu yangu.

"Wewe ndiye Fundi? Alikuwa akikutaja."

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi macho yangu hayaoni maandishi madogo. Nisomee tena, labda mjukuu wangu alikosea."

Nikamsomea. Barua ilisema Kapteni Mwenda yuko kazini. Kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu hajaruka, hivyo hawezi kuwa ameanguka. Na kwamba mwili ulioko Kidago, ambao wanakijiji wameufunika kanga na kuulinda siku nne, ni mwili usio na mwenyewe, na hautatolewa kwa mtu yeyote mpaka ndege uliyoshuka nayo ipatikane.

"Mjukuu hakukosea," alisema. Akakaa kwenye benchi langu kati ya spana. "Mimi, baba, sitaki nishani. Sitaki waje wanipe pole na magari yao. Nataka nimzike mwanangu kabla hajaharibika, basi. Nao wananiambia hakuna wa kuzikwa. Wewe niambie. Karuka au hakuruka?"

Nilifungua daftari. Niliandika taratibu, huku namsomea kila neno, ili awe shahidi: Namba Nne imeruka saa nne na dakika kumi. Haijarudi. Imegonga Mlima Kidago. Rubani, Kapteni Sikudhani Mwenda, amefariki kazini. Kitundu cha saa ya kimo kilizibwa kwa rangi, kwa amri ya Jenerali Lukwale, mbele ya fundi, ambaye alisogea. Nikatia saini na muhuri, nikauchana ukurasa, nikampa.

Aliukunja mara nne akauweka kifuani. Jioni yake, Kidago, mkuu wa kituo cha polisi alisoma ukurasa, akaona muhuri, na kwa kuwa katika nchi yetu muhuri haubishiwi, akautoa mwili. Walizika kabla makao makuu hayajapata habari. Ndiyo kazi pekee ya maana ambayo lile daftari limewahi kuifanya.

*

Mashtaka yangu yalisomwa wiki iliyofuata, na ni mazuri, nimeyahifadhi kichwani. Kwamba mpaka siku ya Alhamisi Namba Nne ilikuwa salama, na hakuna kumbukumbu yoyote ya kuanguka kwake. Kwamba siku hiyo mshtakiwa, kwa hila na kwa kutumia kalamu, aliiangusha. Hakimu aliniuliza kama kuna ndege nyingine nimewahi kuiangusha kwa njia hiyo. Nikapewa miaka kumi na minne. Ajali iliandikwa kwa jina langu, na Marshali akabaki msafi.

Nasikia wanataka kumpa bahari pia, kwa kuwa hajawahi kuzama.

Nina hasira. Nilianza hadithi hii nikijifanya sina, nimechoka kujifanya. Watu wanalipa kodi ya chumvi na ya kiberiti ili mtu mmoja asianguke, na kila asipoanguka yeye, wanaanguka wengine chini yake, nasi tunapiga makofi na kusogea.

Chumba chetu kina watu thelathini na wawili. Hakina dirisha. Juu ya mlango, ukutani, kuna kitundu, ngumi haipiti. Tunapokezana kusimama chini yake.

Leo asubuhi wameleta ndoo. Marshali anakuja kukagua gereza Jumamosi, na ukuta lazima ung'ae. Ofisa ameingia na mpaka rangi na mwashi mwenye sinia la saruji, akatazama juu.

"Hilo tundu la nini?"

"Hapo ndipo tunapopumulia," nimemwambia.

"Linaharibu ukuta. Sogea."

Nimeegemeza mgongo mlangoni, chini ya tundu. Mzee Kihwelo, mwizi wa mbuzi, amekuja kusimama kulia kwangu. Halafu yule kijana wa magendo, kushoto. Halafu wengine, bila mtu kusema neno, mpaka mlango hauonekani. Ofisa amesema mara ya pili, na mara ya tatu, kwa sauti. Saruji inaanza kukauka kwenye sinia.

Hatujasogea.